Mwaka Ule wa Ndege ya Frigolite

Papa Damasi tulimuzika Mweso mwezi uliopita, siku ya mvua. Nyuma ya kuzika wakatupeleka kula katika kiwanja cha shemeji yake, chini ya shitingi ya kuzuia mvua, maharagi na bugali na kanyama kadogo kwa kila sahani. Nilikaa katikati ya wamama nisiowajua. Mumoja, mwenye kitenge cha rangi ya majani, akasema na kinywa kimejaa: "Alikuwa mutu muzuri, lakini njo yeye alitaka kupoteza mutoto wa watu kule Kalembe. Mutu muzima, anamutuma mutoto mwanamuke kurusha droni mbele ya bariere ya watu wa silaha!" Wenzake wakapiga ulimi: "Iii! Na vile alikuwa mupole!" Mimi nilikuwa na mufupa kinywani. Nikautafuna mpaka ukaisha, nikaomba maji. Sasa niko ndani ya nyumba yangu, maji ya mvua inapita, na ule mufupa bado unanikaa hapa kwenye koo. Haikuwa droni. Ilikuwa ndege ya frigolite, ile kitu nyeupe nyepesi wanayofungia vyombo vya kuvunjika ndani ya kartoni. Mutoto ni mujukuu wangu Riziki, ananiitaga Koko. Na mutu aliyemuambia "rusha" hakuwa Damasi. Ni mimi.

Watu wanasema ujana njo unamufundisha mutu. Mimi mwaka ulionifundisha ulinikuta nimekwisha kung'oka meno ine. Nilikuwa nakaa Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Chumba kimoja tulilala, mimi na Riziki. Kingine kilikuwa cha fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe. Wanunuzi wakiingia walishika pua, halafu wakaomba waonje. Mbao tatu kwenye ukuta, fromaji zimepangwa juu yake kama watoto kanisani, chini beseni ya kupokea maji ya maziwa, na kando ndoo ya chumvi. Nilizigeuza kila asubuhi, moja moja, nikizipiga kidole kusikia kama ndani iko tupu. Kazi hiyo nimeifanya tangu matiti yangu hayajaota. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primaire, lakini nikifunga macho nikabeba fromaji nakuambia uzito wake, na sikosei.

Ukuta mumoja wa chumba hicho ulikuwa pia ukuta wa Papa Damasi, mutengenezaji wa radio. Kati yetu mbao tu, na mbao zile ziliachana kiasi cha kupitisha kidole. Nilimusikia akikohoa, akipuliza chai, akigombeza radio kama mutu anayegombeza mbuzi: "Wewe, unalia na batri iko mupya, unataka nini?" Riziki alikuwa na miaka kumi na saba, masomo ilisimama, na alipita kule kila siku eti kuchaja simu. Siku moja nikasikia Damasi amerudi Goma na mufuko. Akaumwanga chini. Riziki akapiga kelele kidogo. Nikaweka jicho kwenye mbao: ilikuwa ndege ya kuchezea, ya kuongoza na telekomande, lakini mwili umepondwa kabisa, kama gari ilipita juu yake. Damasi akashikanisha nyaya mbili, na kile ki-motere kikalia nzzz, kizima kabisa.

"Roho iko," akasema. "Mwili njo umekufa."

"Mwili tunaweza kutengeneza," Riziki akajibu.

"Na nini? Na bugali?"

Wiki ile sante, nyumba ya matibabu, ilikuwa imepokea frigo ya chanjo, ya kutumia jua, na kartoni yake ilijaa frigolite, vipande vikubwa kama mulango. Watoto walikuwa wanakalia. Riziki akamuomba munganga, munganga akasema beba yote, inanijazia kiwanja. Basi chumba changu cha fromaji kikaingia wageni weupe, wamesimama kwenye ukuta. Nilikasirika. "Sasa tutakula frigolite?" Alikuwa amekwisha kuchora bawa na makaa.

Ndege ya kwanza ilikuwa haya tupu. Alikata na kisu, frigolite ikachanikachanika, vipunje vikaruka kila mahali, vikaingia mpaka kwenye ndoo ya chumvi. Vile alivyobandika ilikuwa mubaya zaidi: alitumia kole, gundi ya viatu ya Damasi, na kole ile ikaanza kuikula frigolite mbele ya macho yetu, inayeyuka kama sukari ndani ya chai. Asubuhi bawa lilikuwa na tundu ya kupitisha ngumi. Akaziba na skochi, ule utepe wa kubandika, skochi juu ya skochi. Wakaenda kuirusha kwenye malisho. Ikaenda hatua tano, ikaanguka kama kuku aliyetupwa toka juu ya bati. Kutoka upande wa jirani mwingine, Mama Sifa, muuzaji wa maharagi, nikasikia akimuambia mume wake: "Ule mukechuru, bibi muzima, amerudi utoto. Fromaji haimutoshi, sasa anataka kuruka." Mume wake akacheka mpaka akakohoa.

Hapo njo kiburi yangu iliamuka. Mpaka siku ile ndege ilikuwa ya Riziki na Damasi. Nyuma ya kicheko kile ikakuwa yangu. Nilichukua ile ndege iliyoanguka, nikaipima na mukono: karibu kilo moja. "Iko nzito," nikasema. Damasi akaleta sura yake kwenye mulango: "Njo nilimuambia. Kwa ki-motere hiki, yote isipite nusu kilo. Nusu, Mama. Na batri ndani." Nikawaambia waniachie ile kazi ya kukata. Mutu anayekata fromaji na kisu ni mutu asiyejua fromaji. Fromaji inakatwa na waya, waya hauchani, unapita tu. Damasi akaruka kama nimemupiga. "Waya wa moto!" Akaenda kuomba kwa kwaya kamba ya gitare iliyokatika, ile nyembamba kabisa, akaifunga kwenye vijiti viwili, akaunganisha na batri ya moto yake, ile pikipiki. Kamba ikapata joto. Tukaigusisha frigolite, ikapita pole, bila sauti, na nyuma yake ikabaki uso laini kama mafuta.

Lakini bawa la ndege si kipande cha fromaji. Mbele liko nene na la muviringo, nyuma linaishia kama ulimi wa kisu, na pande zote mbili lazima zifanane, bila hivyo ndege inageuka tumbo juu. Riziki akakata bati ya kopo ya sardini, mara mbili, sura ile ya bawa, akazipigilia huku na huku kwenye kipande, na juu ya bati akaandika namba kutoka moja mpaka kumi. Mimi nilishika kijiti kimoja cha waya, yeye kingine. Waya ukiwa unatembea juu ya bati, yeye anaita namba aliyofika, na mimi lazima niwe pale pale. "Moja." "Moja." "Mbili." "Mbili—simama, Koko, unakimbia." "Sikimbie, wewe njo unalala." "Koko, tatu!" "Tatu, nimefika, usinipigie kelele." Ukikimbia, upande wako unakuwa mwembamba. Ukilala, waya unachoma shimo. Tuliharibu mabawa sita. Mama Sifa alikuwa anatusikia tukihesabu kila mangaribi, na siku moja akaita kupitia mbao: "Mama Fromaji, nane inakuja nyuma ya saba!" Nikamujibu na neno nisiloweza kuandika.

Kole pia niliipata mimi. Baba yangu alibandikaga vijiko vya mbao na maziwa. Unachukua maziwa iliyotolewa mafuta, unaigandisha, unaikamua mpaka maji iishe, unaisaga na chokaa kidogo ya ukuta. Inakuwa kole nyeupe, inanuka kidogo, na haiwezi kula frigolite. Tukaweka ndani ya bawa kijiti cha mwanzi kilichopasuliwa chembamba ili lisivunjike, tukabandika, tukaweka mawe juu mpaka kesho yake. Damasi akaja kuiangalia, akanusa, akalamba kidole. "Mama, hii nikule na mukate?" Ndege nzima, na motere na batri, ilipita nusu kilo kidogo tu, nikaambia Riziki atoboe tumbo, atoe nyama isiyo na kazi. Akatoa. Nikaibeba na vidole viwili chini ya mabawa, ikakaa pale, haikuinamisha kichwa wala mukia. Nilisikia furaha ambayo sikuisikia hata siku nilipozaa. Ninasema kweli. Kuzaa kulinichokesha.

Kwetu hata kuchimba choo unapitia kwa shefu, mukubwa wa kijiji. Basi tukabeba fromaji moja na chupa, tukaenda kwa shefu wa localité yetu, upande wa Masisi. Akatuangalia, akacheka, akaandika karatasi: mwenye kubeba hii anaruhusiwa kurusha kitu cha kuchezea. Akapiga kashe, ule muhuri wake. Riziki akaikunja ndani ya sidiria. Upande wa Walikale, ng'ambo ya muto, hatukuenda. Hatukufikiri hata. Muto ule mutu anauvuka na kuloanisha magoti tu, na tuliona tunarusha huku, kwa nini tuombe kule?

Asubuhi moja, ukungu ulipotoka tu, tulishuka kwenye bonde la malisho. Riziki alisema asubuhi haina upepo, na bonde linaificha ndege isiende mbali, maana telekomande ikipita mahali fulani haisikiwi tena. Damasi akairusha na mukono. Ikashuka, moyo wangu ukashuka nayo, halafu ikainua pua. Ikaruka. Ikazunguka juu ya ng'ombe, na ng'ombe wakainua vichwa, mumoja akakimbia na mukia juu. Riziki, ulimi wake ulikuwa nje kama mutoto anayejifunza kuandika. Aliizungusha mara saba, akaishusha kwenye majani. Damasi akakaa chini akalia. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Na nilipoangalia huku na huku, nikaona mashahidi wetu ni ng'ombe tu.

Njo kosa langu lilianza pale. Kama ningetosheka na ng'ombe, Damasi angezikwa na jina safi. Lakini nilitaka Mama Sifa aone. Siku ya soko nilikuwa nyuma ya meza yangu, ninakata fromaji na waya wangu wa mikono miwili, na yeye mbele yangu na maharagi yake akauliza kwa sauti ya kila mutu: "Mama Fromaji, ndege yetu inaenda Kinshasa lini? Nataka nitume muzigo." Soko likacheka. Nikamutuma mutu amuite Riziki na ndege yake. Riziki akaja, akaangalia miti. Ilikuwa karibu saa saba, wakati wa jua kali, na majani ya migomba yalikuwa yanapigana. Damasi hakuwa pale, alikuwa amekwenda kutafuta batri. Mutoto akaniambia polepole, asinihaibishe: "Koko, upepo."

"Upepo gani?"

"Koko, tungoje asubuhi. Nitawaita wote, waje bondeni."

"Watu wako hapa, si asubuhi. Rusha."

Akarusha. Ikapanda kama mutu ameivuta na kamba. Soko lote likasema "Eeeh!" Mama Sifa aliangusha kipimo chake cha maharagi, niliona na macho yangu, na mpaka leo ni haya kusema vile kilinifurahisha. Nilihesabu: moja, mbili, mizunguko mitatu. Kwa wa ine upepo ukaishika chini ya bawa. Riziki akavuta vijiti vya telekomande, akavuta tena, akaanza kukimbia akiinyoosha juu. "Haisikie! Koko, haisikie!" Ndege ikaenda yake, ndogo, ndogo zaidi, ikavuka muto. Na kule ng'ambo, pale bariere ya wale vijana wenye silaha iko, tukasikia mulio wa bunduki, mara mbili. Soko likajimwanga. Watoto, mabeseni, mbuzi, kila mutu na njia yake. Mimi niliangalia mutu mumoja tu: Riziki hakukimbia na wengine. Alikimbilia ndege yake. Alivuka muto.

Nilipofika bariere nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja. Kulikuwa na kamba imefungwa kati ya miti miwili, dereva wa moto amekamatwa na moto yake kando, na vijana saba. Mukubwa wao, mwenye kofia ya sufu na jua lile lote, alikuwa anatafuna muwa. Riziki amekaa chini, mikono nyuma. Ndege mbele yao, bawa moja na tundu ya risasi, wanaizunguka kama watu wanaozunguka nyoka. Karatasi ya shefu wetu ilikuwa mukononi mwa yule mwenye kofia.

"Komanda, ni mutoto wangu," nikasema. "Ni kitu cha kuchezea. Karatasi iko."

"Kashe ni ya Masisi," akajibu. "Hapa ni wapi?"

"Ni Walikale, Komanda."

"Ndege iko wapi?"

"Iko Walikale."

"Basi mama muzee anajua." Akatema muwa. "Wenye droni wanapiga sisi picha, kisha moto wa mabomu unakuja. Huyu atasema kamera iko wapi. Hapa hataki. Kule kwa wakubwa, katika pori, atasema. Ni siku mbili kwa miguu."

Wewe unayesoma, kama ni mutu wa kwetu, unajua mutoto mwanamuke akipelekwa kule anarudi namna gani, kama anarudi. Sitaandika. Lakini niliona kitu kimoja: yule Komanda hakuwa mubaya wa kuzaliwa, alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa frigolite. Kupitia tundu ya risasi aliona ule mwanzi tuliobandika ndani, na alifikiri pale njo siri iko. Mutu anayeogopa humuelezi na maneno. Nilikuwa bado na waya wangu wa fromaji, nilikimbia nao umefungwa kwenye kitenge.

"Unataka kuona ndani?" nikamuuliza. "Nitakuonyesha ndani yote. Mufungue mutoto, kazi hii ni ya watu wawili. Na mutupe batri ya ile moto."

Wakaangaliana. Komanda akatikisa kichwa ndiyo. Dereva mwenyewe akatoa batri. Riziki akasimama, akaona waya, akaelewa. Akaniangalia namna sijaangaliwa na mutu tena. "Koko, hapana."

"Shika upande wako."

Hakukuwa na kipimo cha bati pale, hakukuwa na namba zilizoandikwa. Akashika. Tukauunganisha na batri, waya ukapata joto. "Moja," nikasema mimi. Kwa mbili akaitika. Tukaanza na ncha ya bawa, kipande unene wa vidole viwili. Kikaanguka. Nikakiokota nikampa Komanda, akakiinua kwenye jua, akaangalia pande zote, akampa mwenzake. Yule akanusa. Wa tatu akaonja na jino. "Ni nini?" "Si kitu. Ni upepo mukavu." Tukakata kingine. Moja, mbili, tatu. Kufika kwenye mwanzi nikauvunja mbele yao, mwanzi ni mwanzi. Bawa la kuume likaisha, tukahamia la kushoto, kisha mukia, kisha tumbo. Riziki alikuwa analia lakini mukono wake haukulia, ulitembea na wangu. Miezi saba ya kazi, tukaikata yote kabla muwa wa Komanda haujaisha. Mwishoni vilibaki vipande vyeupe kwenye majani, na ki-motere, na nyaya zake. Hizo akazichukua, na telekomande. Halafu akaniuliza: "Hii mashine nani aliwapa?"

Ningeweza kusema niliokota. Ningeweza kusema ni yangu, nililetewa. Riziki alikuwa bado upande wao wa kamba. Nikasema: "Ni Papa Damasi, wa radio." Komanda akarudilia jina mara mbili, kama mutu anayeliweka mufukoni. Akainua kamba. Tukapita.

Katikati ya muto Riziki akasimama, maji kwenye magoti. Nilifikiri anatapika. Akasema: "Leo hatukuharibu hata kipande kimoja." Kisha akaendelea kuvuka, na hakuniambia neno lingine mpaka siku ya tatu.

Kesho yake asubuhi niliingia kwa Damasi kupitia mulango, si kupitia ukuta. Alikuwa amemwanga chai ndani ya kikombe. Nikamuambia yote: soko, upepo, mutoto alivyoniomba, neno langu, na jina lake. Wateja wake nusu walikuwa kwenye barabara ya Kashebere, ng'ambo, na alijua kuliko mimi jina likishikwa na bariere linakaa miaka mingapi. Akazungusha kijiko.

"Uliwaambia nani alimutuma kurusha?"

"Hawakuuliza."

"Wataulizana. Watu wa soko watasema ni wewe. Na wewe kila wiki unavuka na fromaji." Akakunywa kidogo, ikamuchoma. "Waache waseme ni mimi. Jina langu limekwisha kufika kule. Mimi sivuki tena, wewe unavuka. Nitaenda Mweso, radio zinakufa hata Mweso. Mutoto huyu umurudishe masomo."

Nilipashwa kukataa. Mutu mwenye haya angekataa, angalau mara moja, hata ya uongo, ili mwenzake amulazimishe. Mimi nilikubali pale pale, chai yake bado ya moto.